Mrabaha wa Marehemu

Sisi wapenzi wa vitabu neno mrabaha tunalijua kwa upande wake wa huzuni. Ni ile pesa ambayo mwandishi huahidiwa kwa kila nakala inayouzwa, halafu anazungushwa nayo mpaka anachoka kuuliza. Wanamuziki nao wanalijua hivyo hivyo. Lakini neno hilohilo, lenye asili ya Kiarabu na maana ya faida, ndilo Serikali ya Tanzania inalitumia inapodai sehemu yake kwenye dhahabu na gesi. Iwe kitabu au kisima, makubaliano ni yaleyale: kitu ni changu, wewe unakiuza, kila ukiuza unikumbuke. Na tatizo ni lilelile pia: anayehesabu ndiye anayelipa.

Makala hii inahusu mrabaha wa gesi, lakini si gesi ya Mtwara wala ya Songo Songo. Ni gesi ya kaunti ya Greene, kusini-magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, walikotoka wazee wa mume wangu. Tunaishi Pittsburgh, na mimi ni mwandishi wa habari. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2023 mama mkwe aliniletea bahasha yake mimi, hakuwapelekea wanawe.

"Wewe si kazi yako kuuliza watu maswali?" aliniambia. "Haya, kaulize na hili."

Hili lilikuwa: pesa za gesi za marehemu mama yake ziko wapi? Binamu zake walikuwa wanapokea hundi tangu mwaka 2013. Yeye hajaona hata senti. Na jibu alikuwa nalo tayari moyoni, ila alitaka ushahidi: anazila kaka yake, mjomba wa mume wangu, aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Walikuwa wametimiza miaka tisa bila kusalimiana.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo ambalo kwa mtu wa kwetu linahitaji kuelezwa. Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Gesi na mafuta yaliyomo chini ni mali ya Jamhuri. Mwaka 2013, watu wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na vurugu za Januari na Mei zikaacha maiti na nyumba zilizochomwa, kauli iliyosikika barabarani ilikuwa "gesi haitoki". Ubishi ulikuwa kama gesi inufaishe mkoa kwanza au taifa zima. Hakuna aliyeweza kusimama akasema gesi ile ni yangu, babu yangu aliniachia. Kisheria sentensi hiyo haina maana.

Pennsylvania sentensi hiyo ina maana, na ina thamani ya pesa. Kule shamba moja linaweza kuwa na wenyewe watatu, mmoja juu ya mwenzake. Majani na nyumba ni vya jirani. Makaa ya mawe ni ya kampuni ambayo wazee waliiuzia zaidi ya miaka mia iliyopita. Gesi ni ya wajukuu wa mtu aliyeuza shamba akahama. Ukipita barabarani unaona ng'ombe na ua la mbao tu. Mgawanyo wote uko kwenye vitabu.

Baba yake bibi aliuza shamba lake mwaka 1948. Aliuza udongo, akabakiza mafuta na gesi. Alipokufa, haki hiyo ikagawanywa kwa watoto sita, na bibi akapata moja ya sita. Wakati huo yeye alikuwa ameshahamia Akron, Ohio, kwenye viwanda vya matairi, kama walivyofanya watu wengi wa vilima vile. Kwa karibu miaka 60 urithi wake ulikuwa maneno tu. Halafu mwaka 2004, katika kaunti jirani ya Washington, kisima kinachoitwa Renz kikaonyesha kwamba mwamba wa Marcellus ukipasuliwa kwa maji yenye mgandamizo mkubwa unatoa gesi ya kutosha biashara. Basi, mawakala wa kampuni wakajaa kwenye ofisi za kaunti, wakifukua hati ili wajue ni nani wa kumgongea mlango.

Mlango wa bibi uligongwa mwaka 2007. Akasaini mkataba, akalipwa malipo ya mwanzo, akaezeka paa upya. Alifariki mwaka 2011. Mwaka uliofuata visima viwili vikachimbwa.

Nilianza na swali la kwanza la mwandishi wa habari yeyote: je, hicho kitu kipo kweli? Idara ya mazingira ya jimbo huweka mtandaoni taarifa za uzalishaji za kila kisima cha aina hii, na yeyote anaruhusiwa kuziangalia. Visima vilikuwepo, na vilikuwa vinatoa gesi tangu 2013. Vinanyonya eneo la pamoja la ekari 640, na ndani yake zimo ekari 36 za lile shamba la zamani. Sasa piga hesabu na mimi. Moja ya sita ya ekari 36 ni ekari 6. Gawa 6 kwa 640, kisha zidisha kwa moja ya nane, ambayo ndiyo mrabaha wa chini kabisa kwa sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1979, na ndiyo bibi aliyokubali. Unapata 0.001171875. Hiyo namba ndiyo bibi. Yaani gesi ikiuzwa ya dola 1,000,000, fungu lake halifiki dola 1,172 kabla ya makato, na kila mmoja wa watoto wake wawili anapata nusu ya hapo.

Mama mkwe aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Mbona ndogo hivi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo hesabu. Hakuonekana kuniamini mimi wala hesabu.

Safari ya pili ilikuwa Waynesburg, makao makuu ya kaunti, kwenye ofisi ya msajili wa hati. Ukiwa mpenzi wa kusoma, ile ofisi utaipenda. Vitabu vimepangwa kwa njia mbili: orodha ya waliotoa na orodha ya waliopokea. Unaanza na jina, unarudi nyuma muuzaji kwa muuzaji, mpaka unamfikia mzee uliyekuwa unamtafuta. Hati ya 1948 niliisoma mara tatu, kwa sababu katika jimbo lile neno moja linaweza kukupa gesi au kukunyang'anya.

Mwaka 1882, katika shauri la Dunham dhidi ya Kirkpatrick, mahakama ya juu ya Pennsylvania iliulizwa: mtu akiuza shamba na kuandika kwamba anabakiza "madini", je, mafuta yamo humo? Majaji wakasema hapana. Mtu wa kawaida akisikia madini hafikirii mafuta. Asiyeyataja hajayabakiza. Msomaji anaweza kudhani hayo ni mambo ya kale, lakini mwaka 2013 mahakama hiyohiyo iliulizwa kuhusu gesi ya Marcellus, katika shauri la Butler juu ya hati ya mwaka 1881. Warithi wa muuzaji walidai kwamba gesi iliyofungiwa ndani ya mwamba ni sehemu ya madini. Mahakama ikarudi kwenye jibu lake la 1882, na warithi wakakosa.

Nilikuwa nayafahamu hayo nilipoinamia ile hati, na nakiri moyo ulinidunda. Kama mzee angeandika madini peke yake, hadithi ingeishia pale kaunta. Lakini yeye, au mwanasheria wake, aliandika mafuta na gesi, moja kwa moja. Tuna desturi ya kudharau maandishi ya kisheria, eti hayana uhai. Yale maneno matatu ndiyo yaliyokuwa yameshikilia urithi wa ukoo mzima kwa miaka 75.

Baada ya hati ya 1948 nikaupata mkataba wa 2007, wenye sahihi ya bibi iliyolala upande mmoja. Nikatafuta kinachofuata. Hakuna. Katika vitabu vya kaunti ya Greene, bibi alikuwa hai.

Kiini cha jambo lote kilikuwa hapo. Bibi alifia Ohio. Wosia wake ulipitia mahakama ya mirathi ya kaunti ya Summit, uliko mji wa Akron, na mjomba akafanya yote aliyoambiwa afanye: akauza nyumba, akalipa madeni, akagawa salio nusu kwa nusu, akafunga jalada. Wosia haukutaja gesi hata mara moja. Ulisema tu kwamba vyote vinavyobaki viende kwa watoto wawili sawasawa. Sentensi hiyo fupi ilitosha kisheria kubeba gesi, lakini lazima mtu aibebe yenyewe, kwa mkono, mpaka Pennsylvania, isajiliwe kule kulikolala gesi. Hakuna aliyeipeleka, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba inapaswa kwenda. Kwa hiyo kampuni ilikuwa inamwandikia hundi mwanamke aliyekwishazikwa, kwa anwani ya nyumba iliyouzwa mwaka 2012, mwaka mzima kabla hundi ya kwanza haijatoka.

Soma tena tarehe hizo, kama nilivyozisoma mimi nikiwa nimekaa ndani ya gari Waynesburg. Nyumba iliuzwa 2012. Malipo yalianza 2013. Mjomba asingeweza kupokea hata hundi moja, kwa sababu hundi zote zilitumwa mlangoni kwa watu wengine.

Sikumpigia mama mkwe simu siku hiyo. Nilitaka kwanza nijue pesa zenyewe ziko wapi, maana kusema fulani hajaiba bila kuonyesha kitu kilipo ni nusu ya kazi. Niliiandikia kampuni inayoendesha visima sasa. Jibu lilichukua wiki saba na lilikuwa na sentensi mbili: akaunti ya bibi imesimamishwa hadi warithi wathibitishwe, na salio ni dola 4,380. Lakini salio hilo lilianzia mwaka 2018, kampuni hii ilipovinunua visima kutoka kwa nyingine. Miaka mitano ya mwanzo haikuwemo.

Utaratibu ni kwamba pesa isiyo na mwenyewe haibaki kwa kampuni milele. Baada ya muda uliowekwa na sheria inakabidhiwa kwa jimbo, nalo linaitunza mpaka mwenyewe ajitokeze. Nikaingia kwenye orodha ya hazina ya Pennsylvania. Nikatafuta kwa jina la bibi la kuzaliwa, la ndoa, na kwa herufi za mwanzo. Hola. Visima viko Pennsylvania, gesi inatoka Pennsylvania, kwa nini pesa haipo Pennsylvania?

Jibu lilitolewa mwaka 1965. Texas na New Jersey zilikuwa zinagombea pesa za aina hii, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba ziende kwenye jimbo la anwani ya mwisho inayojulikana ya mwenye pesa. Kitu kilitoka wapi haijalishi. Inaangaliwa barua ilitumwa wapi. Anwani ya mwisho ya bibi ilikuwa Akron. Nikafungua orodha ya Ohio na jina lake likaja mara moja, mistari minne, pamoja na mtaa na namba ya nyumba. Jumla yake ilikuwa dola 6,912.

Nikijumlisha na zile za kampuni, zilikuwa dola 11,292. Gawa kwa mbili: 5,646 kila mtu. Kwa miaka kumi.

Ukilinganisha na uzalishaji, bado ni kidogo kuliko hesabu ya desimali peke yake. Maelezo yako kwenye ile karatasi inayoambatana na hundi, ambayo wengi huitupa. Ina safu ya mapato, halafu safu za makato: kukusanya gesi, kuigandamiza, kuisafirisha. Mwaka 2010, katika shauri la Kilmer dhidi ya Elexco, mahakama ya juu ya Pennsylvania ilikubali kwamba gharama za baada ya gesi kutoka kisimani zinaweza kukatwa kabla ya kupiga hesabu ya mrabaha, na kwamba sheria ya 1979 haikuzuia hilo. Kwa hiyo moja ya nane inabaki moja ya nane, ila swali ni ya nini. Waandishi wa vitabu watanielewa: asilimia kumi ya bei ya dukani na asilimia kumi ya kile mchapishaji alichobakiwa nacho ni vitu viwili tofauti, ingawa kwenye mkataba zote zinasomeka kumi.

Fomu za madai zilihitaji cheti cha kifo, nakala za wosia zilizothibitishwa na mahakama, na jambo moja ambalo hakuna posta ingeweza kulifanya: sahihi za warithi wote wawili mbele ya mthibitishaji wa viapo. Kila mmoja angeweza kusaini kivyake, na nilimwambia mama mkwe hivyo. Nilimweleza pia kuhusu zile tarehe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza benki gani mjini Akron ina mthibitishaji, na kama mjomba bado anaendesha gari.

Mjomba alitutangulia. Alikuwa amevaa shati la pasi na kofia ameishika mkononi. Walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Mume wangu akaanza kuongea mambo ya barabara na theluji, kila mtu akamshukuru kimoyomoyo. Mthibitishaji, kijana wa miaka ishirini na kitu, akazipanga karatasi, akaomba vitambulisho. Hapo ndipo mjomba akamgeukia dada yake.

"Ulidhani nimekula kiasi gani?"

Mama mkwe hakukwepa. "Laki tatu," alisema. Dola laki tatu.

Mjomba alicheka kidogo, peke yake. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Ningekuwa na laki tatu, ningekuwa nalinda ghala usiku nina miaka sabini na moja?"

Kijana wa benki alijifanya anasoma fomu. Mama mkwe aliangalia mikono yake. Kwetu pengine shangazi fulani angeingilia, angesema yaishe, watu wakapeana mkono, chai ikaletwa. Pale hapakuwa na shangazi. Alichofanya mama mkwe ni kumsogezea kaka yake kalamu aanze yeye. Alipomaliza, akamuuliza goti lake linaendeleaje. Mjomba akajibu, na alijibu kwa urefu, kila daktari na kila dawa, na yeye akasikiliza yote. Ilituchukua saa nzima kutoka kwenye ile benki.

Nimeandika habari za ubadhirifu kwa miaka, na nimezoea kwamba pesa ikipotea kuna aliyeichukua. Mara nyingi yupo kweli. Hapa hakuwepo. Kampuni ilituma hundi kwa jina lililokuwa kwenye kitabu, posta ikazirudisha, majimbo yakafuata uamuzi wa 1965. Kila mmoja alifanya lililoandikwa. Pengo lilikuwa kati ya maandishi mawili, wosia ulioko Ohio na hati iliyoko Pennsylvania, na pengo hilo familia ililijaza na mtu iliyemjua. Pesa zilirudi zikiwa karibu kamili, na mwaka huu za kampuni zimekuwa zikiingia kila salio linapofika dola 100. Miaka tisa haina ofisi ya kuiombea.

Kama una ndugu Marekani ambaye ameoa au kuolewa kwenye familia yenye haki za namna hii, mwambie mambo machache. Kutafuta jina kwenye orodha za fedha zisizodaiwa ni bure, kwa hiyo asikubali wakala anayetaka asilimia kabla hajatafuta mwenyewe. Atafute kwenye jimbo alilofia mtu, si lile lenye kisima tu. Barua za kuuza haki hizo kwa bei ya haraka zitakuja nyingi, na asisaini yoyote kabla ya kujua desimali yake. Na wosia usajiliwe kila kaunti yenye mali, hata mali isiyoonekana kwa macho.

Mama mkwe ana watoto watatu. Siku moja nusu yake, 0.0005859375, itagawanywa kwa tatu, na mume wangu atakuwa 0.0001953125 ya gesi ya bonde ambalo hajawahi kuishi. Wanetu watakuwa chini ya hapo. Kuna kizazi ambacho hundi yake itakuwa ndogo kuliko gharama ya stempu. Mama mkwe analijua hilo, nimemwonyesha hesabu, na safari hii aliiamini. Amenunua jalada la kijani. Ndani yake kuna nakala ya hati ya 1948, mkataba, wosia wa mama yake na wake mwenyewe. Kwenye jalada, kwa nje, ameandika majina ya watu wote wenye haki mle na anwani ya kila mmoja anapoishi leo, na la kwanza kwenye orodha ni la kaka yake.